Watoto wanaimba Msimbazi, mto wenyewe hawaujui

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipanda mwendokasi Gerezani na wanangu wawili, tunakwenda Magomeni kumsalimia babu yao. Tunaishi Mbagala, kwa hiyo tulikuwa tumeshachoka kabla safari haijafika nusu. Mdogo ana miaka tisa, alivaa jezi nyekundu. Dada yake wa miaka kumi na miwili alivaa kijani na njano. Ndivyo nyumba yetu ilivyogawanyika, na nadhani hata yako, mzazi mwenzangu, haiko mbali na hapo.

Basi likapita Mtaa wa Msimbazi. Mdogo akaanza kuimba nyimbo zao za uwanjani mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kucheka. Tukapita Fire, tukateremka kwenye bonde la Jangwani. Chini ya daraja maji ya kijivu yalikuwa yanapita taratibu, mifuko ya plastiki imenasa kwenye majani.

"Mama, ule mtaro unaitwaje?" akaniuliza.

"Siyo mtaro, mwanangu. Ule ni mto. Ndio Mto Msimbazi."

Akanitazama kama niliyemdanganya. "Msimbazi si Simba?"

Dada yake akacheka sana. Lakini nilipomuuliza yeye Jangwani ni nini, akajibu haraka, "Yanga."

Hapo nikaona aibu, na aibu ilikuwa yangu. Mimi nimekulia Magomeni, ng'ambo tu ya mto huu. Wanangu wanaimba majina ya mto na bonde lake kila wiki, wanagombana kwa ajili yake hadi chakula kinapoa, na mimi sijawahi kuwaambia kwamba ni mahali pa kweli, penye historia, na penye hatari yake.

Watani wawili, mto mmoja

Tuanze na mpira, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mtoto wa Dar es Salaam anaielewa bila kubembelezwa.

Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa klabu ambayo leo tunaiita Simba. Ilipita majina kadhaa: Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Jina la Simba lilikuja 1971. Makao makuu ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ndiyo maana wakaitwa Wekundu wa Msimbazi. Ya Yanga yapo Mtaa wa Jangwani, kona na Twiga, nao wakawa Watoto wa Jangwani. Umbali kati ya majengo hayo mawili mtoto anaweza kuutembea kwa miguu bila kulalamika.

Hapa kuna jambo la kumfurahisha mtoto. Sunderland, ambako jina lile la zamani lilitoka, ni mji wa Uingereza uliopo kando ya mto, Mto Wear. Klabu ya mji huo ina uwanja wake mkubwa ukingoni mwa mto, uliofunguliwa 1997 mahali palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Klabu hiyohiyo ilishiriki kuanzisha kituo cha michezo cha vijana cha JMK, pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa 2015. Mgodi uliofungwa kwao uligeuzwa mahali pa mpira. Sisi bonde letu bado tunalitazama kupitia dirisha la basi.

Yanga nao wana uwanja wao pale makao makuu, Uwanja wa Kaunda. Wakazi wa Kariakoo wanaujua vizuri, na wanajua pia kinachoutesa. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya bondeni huuvamia. Bonde lililoipa klabu jina la utani ndilo hilohilo linalouletea uwanja wake maji.

Unapoanzia

Mto Msimbazi haukuanzia Jangwani. Unatokea kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukapita Ukonga, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, ndipo ukafika Jangwani. Kutoka hapo unapita kati ya Hananasifu na Upanga, ukaingia baharini Daraja la Salenda. Ni safari ya takriban kilomita 35, yote ndani ya maisha yetu. Ukiwa Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa kwamba wewe au ndugu yako mnaishi karibu na mto huu au kijito kinachouingia.

Pugu kuna msitu wa hifadhi na machimbo ya zamani ya kaolini, yale mapango wanamojificha popo. Kuna pia shule. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, wakati huo ikiitwa St Francis, alipochaguliwa rais wa chama cha TAA mwaka 1953. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa kwenye ofisi ya chama, mtaa ambao sasa ni Lumumba, karibu na Mnazi Mmoja. Mwaka 1955 akaacha ualimu ili afanye siasa, akahamia Magomeni.

Nyumba yake ya Magomeni ipo mpaka leo, imehifadhiwa kama makumbusho. Wengi wetu tunapita kituo cha Usalama kila siku bila kujua tuko karibu nayo.

Nilipomweleza binti yangu kwamba safari ya Mwalimu ilifuata mto, kutoka unakochimbuka hadi ukingo wa Jangwani, akatoa simu yangu kwenye mkoba akatafuta ramani. Alifuata mstari wa buluu kwa kidole mpaka baharini. Sikuwahi kumwona akishika simu kwa kazi ya maana namna ile.

Kariakoo hadi Magomeni

Jina la Kariakoo lenyewe ni historia. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa wakiitwa Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka wanavyolisikia, likabaki. Jengo la soko, lile lenye nguzo zinazopanuka juu kama miavuli, lilisanifiwa na msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, na kila familia ya Dar es Salaam ina mtu aliyeumia siku ile.

Mnazi Mmoja nako mwambie mtoto asiangalie bustani tu. Enzi za Waingereza eneo lile la wazi lilitenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Mahali watoto wanapokula aiskrimu leo palikuwa mpaka.

Mji ulipojaa, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ikapima viwanja vipya kwa ajili ya Waafrika: Magomeni, Temeke, Kinondoni. Kwa hiyo maeneo tunayoyaona kuwa ya kale yana umri wa babu zetu tu. Baba yangu alihamia Magomeni akiwa kijana mdogo, na barazani kwake ndipo tulipofika siku ile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibuni. Naona mmeniletea na vita."

Mdogo akaanza na mabao sita ya Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Hajui lolote kuhusu 1977, lakini hilo analijua. Dada yake akamjibu na tano za Novemba 2023, Yanga 5, Simba 1. Babu akawaacha wamalize. Kisha akawaambia yeye alicheza mpira Jangwani kabla mama yao hajazaliwa, bila jezi na bila viatu, na jua likizama walikuwa wanaoga mtoni ndipo warudi nyumbani.

"Mtoni pale?" Mdogo akashika pua.

Babu hakucheka. Akamwambia maji yalikuwa yanaonekana mpaka chini.

Maji yaliyokuja usiku

Hapa ndipo mazungumzo yalipobadilika, na ndiyo sababu ya mimi kuandika makala haya.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam kwa siku chache mfululizo. Msimbazi ukafurika. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, maelfu wakabaki bila makazi, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, huko mwisho wa Kinondoni. Baba yangu alikaa na familia mbili barazani kwa wiki kadhaa. Mmoja wa watoto wale, anasema, alikataa kulala taa ikizimwa.

Tangu wakati huo mafuriko yamerudi mara kwa mara. Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani mara nyingi tumeshapoteza hesabu, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa bondeni kimeingiliwa na maji misimu kadhaa tangu huduma ianze 2016.

Bonde la mto ni mahali pa mto kupumzikia. Maji yakizidi, mto unahitaji pa kutanuka. Tukilijaza bonde nyumba, karakana na taka, maji hayapotei, yanatafuta mlango wa mtu. Huko juu nako, vilima vikikatwa miti na mchanga ukichotwa, udongo unateremka na kujaza mto, kina kinapungua. Mvua ileile iliyokuwa inapita kimya enzi za babu, leo inafurika.

Serikali ina mradi wa kuliendeleza bonde hili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Mpango ni kuunyanyua mto kutoka hali yake ya sasa: kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya maji, kukihamisha kituo cha mabasi, kuwalipa fidia wakazi walio kwenye hatari, na kutenga sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Hilo la mwisho wazazi tulishike kwa mikono miwili. Bustani ikifurika, benchi zinalowa. Nyumba ikifurika, mtoto anakufa.

Temeke, bendera ilipopandishwa

Sisi wa Temeke mto wetu ni mwingine, Kizinga, unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Jina la Mtoni lenyewe linajieleza, kama lilivyo la Kijitonyama kule Kinondoni. Jiji hili limeandikwa kwa maji, ila sisi hatusomi.

Lakini alama kubwa ya Temeke ni viwanja vyake viwili vilivyosimama jirani. Uwanja wa Uhuru, zamani Uwanja wa Taifa, ndipo bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Pembeni yake upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 kwa msaada wa China, unaochukua watu 60,000. Juni 2010 Brazil walikuja kucheza hapo na Taifa Stars wakati wakienda Kombe la Dunia Afrika Kusini. Tulifungwa 5-1, na bado watu wanasimulia lile bao moja la Jabir Aziz kana kwamba lilikuwa la ushindi.

Nawaambia wanangu habari za kushindwa makusudi. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani na Stella. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikaenda kushinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Simba tena, mbele ya Berkane ya Morocco. Fainali tatu, machozi ya rangi zote. Mtoto akijua hayo, kumzomea ndugu yake kunapungua. Angalau kwa siku mbili.

Na mwenye binti asimwache nyumbani. Simba Queens na Yanga Princess wana ligi yao, na JKT Queens wanacheza Mbweni, Kinondoni. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Binti yangu aliposikia Simba ilianza na jina la Queens, alimwambia kaka yake mdogo, "Kumbe mlianza na sisi." Kijana akakosa jibu.

Watacheza wapi?

Babu alicheza Jangwani. Mimi na wenzangu tulicheza rede kwenye kiwanja cha shule kilichokuwa wazi mchana kutwa. Wanangu wanacheza kwenye uchochoro wa Mbagala, kati ya bodaboda na mlango wa jirani. Mpira ukiingia kwa watu, mchezo umeisha.

Ndilo jambo lililobaki kichwani mwangu tuliporudi jioni ile. Tunafurahia uwanja wa watu 60,000, tunajaza viti, tunanunua jezi. Lakini mchezaji hazaliwi kwenye uwanja wa watu 60,000. Anazaliwa kwenye kiwanja cha vumbi cha mtaani, na hivyo vinaisha kimoja kimoja. Leo fremu mbili za maduka, kesho gereji, keshokutwa ukuta. Hakuna anayetangaza kwamba kiwanja kimekufa. Watoto wenyewe ndio wanaoona siku wanapofika na mpira wao wa makaratasi.

Mzazi anaweza kufanya nini? Nimeuliza huku na huku, na haya ndiyo niliyobaki nayo.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza maeneo ya wazi ya mtaa wenu ni yapi na yamepimwa wapi. Ni swali halali, na mkutano wa mtaa ni mahali pake. Mkienda wazazi watano mnasikilizwa kuliko mkienda mmoja. Uliza pia shule ya jirani kama watoto wanaweza kutumia kiwanja Jumamosi, mzazi mmoja akikaa nao kwa zamu. Na mradi wa bonde unapoitisha mikutano ya wananchi, hudhuria, sema neno moja tu: watoto.

Jumamosi moja inatosha

Ukitaka kufanya safari kama yetu, huhitaji fedha nyingi. Nauli, maji ya kunywa, na viatu visivyobana.

Anzeni asubuhi Kariakoo kabla jua halijawa kali. Mwonyeshe mtoto majengo ya klabu zote mbili, ile yake na ile ya mwenzake. Tembeeni hadi Mnazi Mmoja na Lumumba. Pandeni mwendokasi hadi Magomeni, mkaone nyumba ya Mwalimu. Njiani, mkifika Jangwani, acheni simu, tazameni bonde. Mwambie mtoto: huu ndio Msimbazi.

Wanaoishi Gongo la Mboto na Ukonga waanzie Pugu, wako karibu na chanzo kuliko sisi wote. Wa Kinondoni wanaweza kumalizia kwenye Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ambako kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali.

Mambo matatu ya tahadhari. Kwanza, mtoto asiingie mtoni wala asiokote kitu ukingoni. Maji ya Msimbazi leo yanabeba majitaka ya majumbani na ya viwandani. Pili, msiende mabondeni msimu wa mvua, yaani masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua inaweza kunyesha Pugu huku Jangwani pakiwa pakavu, kisha maji yakafika ghafla. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tatu, kama mtoto wako anavuka mto kwenda shule, mfundishe kwamba maji yakigusa daraja harudi nyumbani kwa ushujaa. Anasubiri shuleni, hata ikiwa jioni, hata kama atagombezwa.

Sisi tulimalizia Salenda. Daraja lile lilipewa jina la Selander, mhandisi wa serikali ya kikoloni, wakazi wakalifanya la Kiswahili. Mbele yake, juu ya bahari, limelala Daraja la Tanzanite, la kilomita moja hivi, lililofunguliwa 2022. Watoto walisimama wakishika vyuma, upepo wa jioni unapuliza, wanatazama maji ya mto yakiingia baharini. Mstari ule wa kijivu ulionekana wazi kwenye maji ya buluu, kisha ukapotea.

Mdogo alikaa kimya kwa muda. Halafu akauliza kama Simba na Yanga hawawezi kuja siku moja kuusafisha, pamoja.

Nilimwambia sijui. Dada yake akasema Yanga wangekuja wa kwanza. Wakaanza kugombana tena, na safari hii sikuwakataza.